Babangu ameambiwa ana kansa ya kibofu, nitafute daktari wa pili?

Binti wa Likoni
Assalam aleykum jamani. Mzee wangu ana miaka 67, tangu Ramadhani yuwakojoa damu bila uchungu wowote akatuficha, asema ni joto na kutokunywa maji. Kugundua tukampeleka hospitali, akatiwa kamera kwenye njia ya mkojo, wakaona uvimbe wakaukwangua wakapeleka nyama maabara. Ripoti imesema kansa, T1 hai gredi (high grade), na daktari ataka kibofu kitolewe chote awekewe mfuko tumboni. Dakika kumi tu tushatoka nje, mamangu hajalala tangu siku hiyo. Mimi nataka asikizwe na daktari mwengine kabla ya kukatwa lakini mwenyewe hataki, asema ni kumvunjia heshima yule wa kwanza. Nakosea? Na nianzie wapi?

Mkaazi wa Kisauni
Pole sana dadangu, hukosei hata kidogo. Ila usianze kwa kumburuta mzee, anza na ile nyama. Nenda hospitali uombe slaidi (vile vioo vyenye vipande vya nyama) na zile bloku za nta nyama ilimohifadhiwa, pamoja na ripoti na picha za CT, zisomwe upya na daktari mwengine wa maabara. Kisha uliza swali moja: misuli ya kibofu ilipatikana kwenye nyama iliyokatwa? T1 maana yake kansa imepita ngozi ya ndani lakini haijafika kwenye misuli, sasa kama hakukuwa na misuli wamejuaje haijafika? Tulipouguza ammi yangu alirudiwa kukwanguliwa baada ya wiki 4, kumbe ndivyo inavyofanywa kwa hii T1, kati ya wiki 2 na 6.

Nesi wa Changamwe
Naongezea, huyo daktari wenu huenda hajakosea, maana hai gredi ni kali na wengine hushauri kutoa mapema hasa uvimbe ukiwa mwingi au mkubwa. Lakini iko njia nyingine ya kuuliza, BCG, ile ile chanjo ya kifua kikuu wanayochanjwa watoto mkononi, hutiwa ndani ya kibofu kwa mpira wa mkojo mara moja kwa wiki, wiki 6, halafu anafuatwa kwa kamera mara kwa mara. Daktari wa kweli hakasiriki ukitaka maoni ya pili, tena wengi hukuandikia barua wenyewe. Mzee avuta sigara? Na alikulia wapi?

Binti wa Likoni
Sigara avuta tangu ujana. Amekulia Msambweni, utotoni kazi ilikuwa kuogelea kwenye madimbwi.

Nesi wa Changamwe
Sigara aache leo, ndiyo chanzo kikubwa cha kansa hii. Na hayo madimbwi muwaambie madaktari, kichocho cha zamani kikikaa miaka mingi kwenye kibofu kinaweza kuleta kansa ya aina nyingine, skwamasi, na hiyo haitibiwi kwa BCG. Ndio maana nyama isomwe mara mbili. Makadara pale Coast General, hospitali kubwa ya Mombasa, wana kitengo cha kansa, ulizeni. Msikawie lakini, hili si la kungoja miezi.

Binti wa Likoni
Allah awalipe kheri. Nimemsomea baba yote haya, akanyamaza kitambo kisha akasema basi nyama iende, yeye atangoja nyumbani. Jumatatu asubuhi napanda feri nikaombe hizo bloku.