Naomba ushauri: besi ya nakala isiyo na nembo, na shingo iliyopinda

Wakuu, nina gita la besi la nyuzi nne lililonakili umbo la Fender Jazz Bass. Nembo imebanduka, namba hakuna. Bamba la skrubu nne nyuma linasema imetengenezwa Japani, ila bamba huhamishwa kirahisi, kwa hiyo siliamini peke yake.

Kutoka mwanzo wa shingo upande wa kichwa hadi freti (kijiti cha chuma kwenye shingo) ya 12 ni mm 432; mara mbili yake ndiyo urefu wa uzi, yaani kipimo kirefu cha inchi 34. Ndani ya shimo la pikapu (sumaku inayonasa mlio wa nyuzi) tabaka za plaiwudi zinaonekana wazi. Hilo halinisumbui kabisa. Nakala nyingi za miaka ya 1970 ziliundwa hivyo na zina mlio mtamu.

Tatizo ni shingo. Nikibana uzi mnene freti ya kwanza na ya mwisho, pengo kwenye freti ya 7 ni mm 1.2, wakati 0.3 ingetosha. Nati ya chuma cha ndani ya shingo, kile cha kuinyoosha, imefika mwisho wa hesi, haikazi tena. Niongeze washa (kiringi bapa cha chuma) chini ya nati, au kwanza nilegeze nyuzi na kuinyoosha shingo kwa jiriwa?

Pia, nikifungua shingo, nitafute mihuri gani kwenye kisigino chake (mwisho unaofungwa kwenye mwili) na kwenye vidhibiti vya sauti, ili nijue besi hii imetoka wapi?