Naombeni ushauri: chuo chenye jina au kozi ninayoitaka?

Chembehai
Habari wakuu. Nimepata nafasi vyuo viwili, zimebaki siku 9 za kuthibitisha. Cha kwanza kinajulikana kila mahali, ila wamenipa Sayansi ya Jumla, miaka 3. Cha pili wengi hawakijui, lakini wamenipa Bayokemia, miaka 4. Ndoto yangu ni utafiti wa vinasaba. Kemia na Bayolojia nilifaulu vizuri, Hisabati nilijikongoja. Nyumbani wanasema jina la chuo ndilo litanipa kazi. Ada karibu sawa. Usingizi sina.

Pipeta
Dogo, mimi nilisoma chuo chenye jina. Mwaka wa kwanza tulikuwa watu 12 kwenye hadubini moja: mmoja anachungulia, 11 tunanakili majibu yake. Nimehitimu sijawahi kuendesha PCR, ile njia ya kuzidisha nakala za DNA, kwa mkono wangu, niliijua kwenye slaidi. Usaili wa kwanza nikaambiwa nipime mikrolita 2. Nikashika pipeta, kile kifaa cha kupimia vimiminika, kama kalamu. Walicheka, na nafasi nikaikosa.

Kwa hiyo uliza: mwanafunzi anakaa maabara saa ngapi kwa wiki? Mradi wa mwaka wa mwisho ni wa mtu mmoja au kundi zima linasimama nyuma ya anayejua? Usiwaulize watu wa udahili, watakusomea kipeperushi. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu.

MzeeWaTakwimu
Wote mmeipita Hisabati kama mnapita mbele ya nyumba ya anayewadai. Jenomu ya binadamu ina herufi kama bilioni 3. Nani atazisoma kwa macho? Vinasaba vya leo ni takwimu na kompyuta kwa sehemu kubwa. Jaribio la t, lile la takwimu la kulinganisha wastani wa makundi mawili, ambalo huwezi kulikwepa, lilitoka mwaka 1908 kwa William Gosset, mtu wa kiwanda cha bia aliyesoma kemia na hesabu, akaandika kwa jina la kujificha, "Student". Anza sasa na logi na uwezekano, halafu lugha za kompyuta kama R au Python kidogo kidogo. Chuo chochote utakachokwenda, hapo ndipo utakapokwama.

Simkubaliani
Tusidanganyane, jina lina kazi yake, hasa kwa mwajiri asiyejua sayansi. Halafu Sayansi ya Jumla vyuo vingine wanakuruhusu kuchagua mkondo mwaka wa pili. Waulize, na wakujibu kwa maandishi. Ahadi ya simu haina mwenyewe.

DadaMaabara
Mdogo wangu, angalia kwanza kama kozi yenyewe ina ithibati. Chuo kutambuliwa hakumaanishi kila kozi yake inatambuliwa. Na kama moyoni unajiona hospitalini unapima damu, Bayokemia si njia yake ya moja kwa moja. Nchi nyingi wanataka Sayansi ya Maabara ya Tiba ndipo bodi ikusajili. Nina rafiki aliyeligundua hilo akiwa ameshavaa joho.

Miaka isikutishe. Nchi nyingi za Ulaya shahada ya kwanza ni miaka 3, Marekani kwa kawaida ni 4. Ukiwaza uzamili ng'ambo, soma masharti ya huko mapema.

Chembehai
Mrejesho, wakuu. Nimempata mwanafunzi wa chuo kidogo. Maabara saa 6 kwa wiki, meza moja watu 2, mradi wa mwisho kila mtu na wake. Mashine ya PCR ni moja na iliwahi kulala muhula mzima. Kozi ina ithibati, nimehakiki mwenyewe. Chuo kikubwa wamejibu kwa barua pepe: mkondo wa vinasaba upo, ila wanachukua wenye alama za juu za Hisabati ya mwaka wa kwanza. Nilicheka peke yangu.

Nimethibitisha Bayokemia leo asubuhi. Baba kanuna. MzeeWaTakwimu, logi nimeanza jana, nimekwama ukurasa wa pili. Naweza kukufuata inbox?