Mrejesho: mbwa mdogo na wale wakubwa wawili, Mikindani

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza nimleteje nyumbani mbwa wa miezi minne bila wale wakubwa wawili kumrarua. Ahsanteni, tumefika pazuri.

Sikumwingiza uani moja kwa moja. Tulikutana ufukweni maji yametoka, kila mbwa na kamba yake, tukatembea sambamba bila kuwaacha wakodoleane macho. Dume alinusa, akapuuza. Jike ndiye msumbufu: siku ya tatu alimngurumia kwenye sufuria ya ugali na dagaa. Kosa langu, niliwalisha pamoja. Sasa mdogo anakula jikoni, mlango umefungwa.

Chanjo ya kichaa cha mbwa kashapata. Jana nimewakuta watatu wote chini ya mkorosho, mdogo kaegemea mgongo wa jike! Usiku bado nawatenganisha.