MREJESHO: Vifaranga 24 wa kienyeji, jike na dume kwa manyoya

Habari wakuu. Niliuliza namna ya kutenganisha majogoo na mitetea mapema. Asanteni mlionijibu, sasa wana wiki 15 na majibu yako wazi.

Kufungua bawa siku ya kwanza (manyoya makubwa yakizidi yale yanayoyafunika ni jike, yakilingana ni dume): 10 kati ya 24 nimekosea. Ni kama kurusha shilingi. Mkuu aliyeonya alikuwa sahihi: kipimo hiki ni cha mbegu zilizopangwa, baba wa kuota manyoya haraka na mama wa kuota polepole, kwa sababu jeni ya upolepole mama humrithisha dume peke yake. Kienyeji amechanganyika mno. Na hata kwa mbegu hizo, siku 3 zikipita tofauti inafifia.

Kilemba chekundu wiki ya 6 kilifichua majogoo 7 tu, wale wa wazi kabisa.

Kilichofaa ni manyoya ya kiunoni, pale kabla ya mkia, wiki ya 12. Yapanue kwa kidole juani, tazama yaliyoota karibuni: ya jogoo ni membamba, yanang'aa, ncha kali, ya tetea ni mapana, ncha ya mviringo. Nilipata 23. Aliyenitoa jasho ni kidimu, maana manyoya yake yamejikunja na ncha haisomeki. Nilimwandika tetea. Juzi kawika.