Naomba ushauri: masomo ya mtandaoni na mzigo wa kazi wa mhadhiri

Wakuu, habari za kazi. Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja hapa Tanzania. Somo langu la takwimu sasa linafundishwa nusu darasani, nusu kwenye Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni. Silipingi hilo. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa 1992, kimesomesha watu wengi waliotapakaa mikoani, na vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, wengi wetu tuliona pengo letu.

Shida ni hesabu ya kazi. Fomu yetu bado inahesabu saa za kusimama mbele ya darasa tu. Kurekodi mhadhara wa dakika 20 kunanimalizia jioni nzima: kuandaa slaidi, kurudia sauti jenereta ya jirani inaponguruma, kukata, kupandisha. Kisha maswali yanaingia hadi usiku wa manane, maana wengi husubiri bando la usiku ndipo wafungue video. Fundi wa maabara ya kompyuta naye amegeuzwa mpiga video na mrudishaji wa nywila zilizosahaulika, bila barua yoyote ya kubadilishiwa majukumu. Hili linaniuma kuliko hata langu.

Mliopitia haya, mlimshawishije mkuu wa idara ahesabu saa za maandalizi? Mkataba wenu unasema video ni mali ya nani mhadhiri akihama? Na kwa wanafunzi wenye simu ndogo, sauti pamoja na PDF vinatosha? Nawaomba hasa waliofundisha masomo ya mahesabu.