Ty Cobb wa Dietsche au Honus Wagner wa Albertype?

Mkusanyaji wa Baltimore
Ndugu zangu, nimepewa hadi Jumamosi jioni kuchagua moja kati ya kadi mbili za posta za wachezaji wa zamani wa besiboli. Ya kwanza ni ya Ty Cobb, iliyochapishwa na Dietsche wa Detroit mwaka 1907, nayo imekwisha kupimwa daraja la ubora wake na kufungwa katika kasha la plastiki. Ya pili ni ya Honus Wagner, toleo la kampuni ya Albertype lenye picha ya bamba lake la heshima lililoko Cooperstown, katika Jumba la Umaarufu la besiboli. Wote wawili wamo katika wale watano wa kwanza waliochaguliwa kuingia jumba hilo mwaka 1936, na bei za kadi hizi hazipishani sana. Mngechukua ipi?

Stempu Kuukuu
Swali lako halijibiki hivyo. Cobb amepewa daraja la ngapi? Wagner ina saini? Bila saini, Albertype haiwezi kuisogelea bei ya Dietsche ya Cobb, kwa hiyo kuna jambo hujalitaja.

Mkusanyaji wa Baltimore
Niwieni radhi. Cobb ni daraja la 2 kati ya 10. Kona zimelika na nyuma kuna muhuri wa posta. Wagner ina saini ya wino wa buluu, ila haijathibitishwa na yeyote.

Binti Tarishi
Basi hiyo ya Wagner usiiguse. Miaka minne iliyopita niliuziwa kadi ya picha ya mchezaji wa Pittsburgh, muuzaji akiapa kwamba ni ya mwaka 1909. Ilikuwa ndani ya fremu. Nilipoitoa na kuigeuza, niliona kwenye kisanduku cha stempu neno AZO, yaani chapa ya karatasi ya picha, na pembetatu nne, mbili zikielekea juu na mbili chini, ilhali karatasi ya AZO ya miaka ya 1904 hadi 1918 ina pembetatu zote zinazoelekea juu. Nilikuwa nimenunua nakala iliyosafishwa miaka mingi baadaye, na fedha zangu hazikurudi. Tangu siku hiyo sinunui kadi isiyo kwenye kasha.

Mzee wa Mabamba
Pole sana, binti yangu, lakini tusiihukumu Albertype kwa kosa la kadi nyingine. Toleo hilo lilichapishwa hadi mwaka 1952 na Wagner alifariki mwaka 1955, hivyo alikuwa na muda wa kuisaini. Ingekuwa ya Mathewson, mwingine wa wale watano, aliyefariki mwaka 1925, ningesema mara moja kwamba saini ni ya kughushi. Na muhuri wa posta si dosari, maana ndio unaothibitisha umri wa kadi.

Stempu Kuukuu
Siafiki, Mzee. Wino ukipenya hadi upande wa picha, ni dosari, hata tarehe iwe nzuri namna gani.

Mkusanyaji wa Baltimore
Nimeiangalia kwa kioo cha kukuzia. Muhuri unasomeka Oktoba 1907, mwezi ambao Detroit, timu ya Cobb, ilicheza World Series, yaani fainali ya besiboli, dhidi ya Chicago Cubs, na wino umepenya kidogo karibu na kiatu cha Cobb. Nimemwomba muuzaji wa Wagner anipe muda saini ithibitishwe, naye bado hajajibu.

Mzee wa Mabamba
Mwombe kwanza picha ya saini hiyo iliyopigwa kwa karibu, kisha uiweke hapa tuitazame.