Nimeuziwa Mona Lisa ya printa kwa bei ya iliyochorwa kwa mkono, na muuzaji hataki kunirudishia hela

Wakuu habari za muda huu. Naandika nikiwa na hasira, naomba mnivumilie mnisome mpaka mwisho.

Nipo Ufaransa mwaka wa sita sasa, ila kabla ya kuja huku nilikuwa nachora mabango Kariakoo, saluni, mabucha, nyuma ya daladala, kwa hiyo brashi naijua na kazi ya mkono naijua. Miezi miwili iliyopita nilipita kwa jamaa mmoja anauza vitu vya kale pembeni ya Paris, nikakuta Mona Lisa, ile picha maarufu ya mwanamke iliyochorwa na Leonardo da Vinci, kwenye fremu nzito ya mbao, imefubaa, ina nyufa ndogondogo usoni. Akaniambia hii imechorwa miaka ya 1920 na fundi aliyekuwa anakaa ndani ya Louvre, jumba la makumbusho la Paris lenye orijino, mbele ya picha yenyewe anainakili. Euro 680. Nikalipa keshi, na kwenye risiti akaandika kwa mkono wake: rangi ya mafuta kwenye kanvasi (kitambaa cha kuchorea), nakala ya zamani.

Sasa kabla hamjaanza kuniuliza nilitegemea nini wakati orijino iko Louvre, tuelewane. Sikutaka orijino, nilitaka NAKALA. Nakala sio feki jamani! Ile nakala iliyoko jumba la makumbusho la Prado kule Madrid ilichorwa kwenye karakana ya Leonardo mwenyewe, ikakaa miaka na miaka mandhari ya nyuma ya mwanamke imepakwa weusi mpaka walipoisafisha, 2012 watu wakaiona upya, milima na njia zote zikatokea, na nyusi anazo. Nyingine ya karne ya 17 iliuzwa Paris mwaka 2021 kwa euro milioni 2.9, na waliokuwa wanashindana bei wote walijua ni nakala. Kwa sababu kuna mtu alikaa chini akakoroga rangi, akahangaika na ile midomo, akakosea akafuta akarudia. Hicho ndicho nilicholipia mimi. Hata pua ingekaa vibaya ningeipenda, ni mkono wa mtu.

Jumapili nikaiweka dirishani niiangalie vizuri kwenye mwanga. Juu ya kichwa nikaona mstari mwembamba unashuka kutoka ukingo wa juu mpaka kwenye nywele. Mwili ukaniisha nguvu. Maana orijino haiko kwenye kitambaa, iko kwenye ubao wa mti wa mpopla, na ule ubao ulishapasuka zamani, mpasuko wa kama sentimita 11 unaotoka juu kuja kwenye nywele, palepale. Ubao ndio unaopasuka hivyo kwa kufuata nyuzi zake, kanvasi haipasuki hivyo hata iweje! Nikapitisha kidole, hakuna kitu, laini tupu, jicho linaona ufa kidole hakiuoni. Za usoni vilevile. Yaani mtu kachukua picha ya orijino akaiprinti na makovu yake yote, halafu akapitisha jeli isiyo na rangi juu kwa brashi ili ukiitazama kwa pembeni uone michirizi. Na michirizi yenyewe haifuati umbo, shavuni imepita kushoto kwenda kulia kama mtu anapaka ukuta, hakuna mchoraji duniani anapaka shavu hivyo. Nikafungua fremu, pembeni kanvasi nyeupe pee, rangi imeishia kwenye mstari ulionyooka kama imekatwa na rula. Fremu ni ya zamani kweli, na hiyo ndiyo alinikamatia.

Halafu saizi. Ni sentimita 77 kwa 53, sawasawa na ya Louvre, na jamaa alinisifia hilo kama ushahidi. Nimekuja kujua baadaye kwamba wanaopewa kibali cha kunakili mle ndani kanvasi yao lazima iwe kubwa au ndogo kuliko picha yenyewe, saizi ileile hairuhusiwi.

Nikamrudishia mzigo. Ananijibu mbele ya wateja eti uliiona kwa macho yako ukalipa, na wewe ni mtaalamu wa nini mpaka unibishie. Mimi nimekula kwa brashi miaka 11, ananiuliza mtaalamu wa nini! Kapokea hela ya kazi ya mkono kanipa kazi ya printa, huo ni wizi.

Na sheria ipo. Kuna amri ya huku ya tarehe 3 Machi 1981 kuhusu biashara ya kazi za sanaa, muuzaji ukimuomba lazima akuandikie ni kitu gani, kimetengenezwa na nini na ni cha lini, na ikiwa ni kopi ya kuchapwa basi lazima iwe imeandikwa hivyo, maandishi yanayoonekana na yasiyofutika. Hii yangu nyuma kuna karatasi ya kahawia tu imebandikwa, neno hata moja hakuna.

Kesho asubuhi namtumia barua ya rejista, ndani naweka kopi ya risiti yenye mwandiko wake, picha ya ule mstari na picha ya pembeni kwenye kanvasi nyeupe. Aliyewahi kudai hela kwa muuzaji wa vitu vya kale huku Ufaransa aniambie alianzia wapi na ilichukua muda gani. Jana kanipigia anataka tumalizane kwa nusu. Nusu sitaki.